Kwa nini vivumbasi viwili vinavyofanana havina nguvu sawa dhidi ya bakteria?

Chuma jani la kivumbasi vichakani huko Mpwapwa, lifikiche, kisha unuse. Kuna kichaka kinachonukia karafuu, na kingine chenye harufu kali kama ya dawa ya kusukutulia kinywa, ingawa kwa macho huwezi kuvitofautisha. Pua haikosei. Harufu ya karafuu ni kemikali iitwayo eujenoli. Ile nyingine ni thimoli. Spishi ni moja, Ocimum gratissimum, ila nasaba ndiyo huamua mmea utengeneze kipi zaidi, na ndiyo maana nguvu ya mafuta yake dhidi ya bakteria haiwi sawa. Mvua, udongo na umri wa jani huongeza au kupunguza tu.

Zote mbili ni fenoli zinazopenda mafuta, kwa hiyo hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria. Utando ukilegea, potasiamu huvuja, nishati hukatika. Staphylococcus aureus, yule wa majipu, hudhurika upesi. Pseudomonas, bakteria mwingine, ana utando wa pili kwa nje, na huyo ni mbishi.

Ukitaka kukeneka mafuta yenyewe, yaani kuyatoa kwa mvuke, anika majani kivulini. Ukiyaanika juu ya bati kwenye jua la Dodoma, mafuta tete huruka na unabaki na makapi. Gramu 100 za majani makavu, lita 1 ya maji, mvuke kwa saa 3. Dodoma iko juu ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Haidhuru, mvuke huyabeba mafuta hata kama eujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254. Utapata mililita moja au mbili, pengine pungufu. Hapa ndipo wengi hupoteza mali: eujenoli ni nzito kuliko maji, kwa hiyo mafuta yake huweza kuzama au kuyageuza maji kuwa meupe kama tui. Anayeengua juu tu humwaga alichokitafuta. Koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena. Maji huwa mazito, mafuta huelea.

Kwenye kipimo cha nguvu dhidi ya bakteria, karatasi ya duara ya milimita 6 huloweshwa mafuta, huwekwa kwenye agari (utelezi mgumu wa kuoteshea vijidudu) yenye bakteria, ikakaa nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha duara lisilo na bakteria hupimwa. Duara dogo si lazima liwe na maana kwamba mafuta ni dhaifu. Agari ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta husambaa humo kwa shida. Ukiyayeyusha kwa Tween 80, kemikali inayochanganya mafuta na maji, weka pia karatasi yenye Tween 80 tupu, la sivyo hutajua nani ameua.