Hesabu usiku, matangazo yatakudanganya

Kila ninapoalikwa kuzungumzia nyumba zinazopangishwa watalii kwa muda mfupi, swali la kwanza huwa lile lile: mji huu una matangazo mangapi kwenye majukwaa ya mtandaoni kama Airbnb? Huwa najibu, lakini najua namba hiyo haitatufikisha mbali. Tangazo moja laweza kuwa chumba cha ziada cha bibi anayeishi humo humo na kupokea wageni wawili watatu msimu wa likizo. Jingine ni fleti nzima ambayo haijapata mkazi kwa miaka minne. Kwenye orodha yote mawili yanahesabika sawa. Mimi kazi yangu ni uchumi wa makazi, na kipimo ninachokitegemea ni idadi ya usiku ambao nyumba imelaliwa na wageni kwa mwaka.

Chukua fleti ambayo mpangaji wa kawaida angeilipia pango la 900 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote unayoitaka. Mtalii anailipia 100 kwa usiku. Mwenye nyumba akizidisha 100 mara 30 anaona 3,000, macho yanamtoka. Lakini jukwaa linakata kamisheni yake, shuka hufuliwa kila mgeni akiondoka, umeme na maji ni juu yake, kuna mtu wa kupokea wageni na kuna vyombo vinavyovunjika. Tuseme katika kila 100, gharama zinameza 30. Zinabaki 70. Pango la mwaka mzima ni 10,800. Ukiligawa kwa 70 unapata 154 na ushehe. Kwa hiyo usiku wa 155 ndio mpaka. Kabla ya hapo, mpangaji wa mwaka ndiye mteja bora. Baada ya hapo, kila usiku unaoongezeka unamsogeza mpangaji mlangoni, na wala si kwa chuki.

Ukiielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini miji mingi imeweka kikomo cha usiku badala ya kupiga marufuku. London, tangu 2015, nyumba nzima inaruhusiwa usiku 90 kwa mwaka bila kuomba kibali cha kubadili matumizi. Amsterdam ilikuwa 60, ikashushwa hadi 30 mwaka 2019. Paris ilikuwa 120 kwa makazi ya kudumu ya mtu, na kuanzia 2025 ni 90. Rudi kwenye fleti yetu: usiku 90 mara 70 ni 6,300. Aliyenunua fleti kwa ajili ya watalii tu hawezi kuishi kwa 6,300 wakati mpangaji angempa 10,800. Ila anayeishi humo mwenyewe, akasafiri miezi mitatu, 6,300 ni nyongeza safi. Sheria haijamgusa huyu, imemgusa yule. Ndiyo maana napenda vikomo vya namna hii, mradi viwe chini ya mpaka wenyewe. Japani iliweka 180 mwezi Juni 2018. Kwa mfano wetu 180 iko juu ya 155, yaani kikomo hicho peke yake kisingemrudisha mpangaji.

Na bado sheria hiyo ya Japani ililitikisa soko. Sababu ilikuwa namba ya usajili. Kila tangazo lilitakiwa kuwa nayo, na siku chache kabla ya sheria kuanza Airbnb iliondoa karibu asilimia 80 ya matangazo yake nchini humo. Linganisha na London, ambako kikomo kiliwekwa bila daftari la usajili. Airbnb ilianza kufunga kalenda za nyumba nzima zikifika 90 mwaka 2017, lakini mwenye fleti akihamia jukwaa jingine anaanza kuhesabu upya kuanzia moja. Afisa wa halmashauri atamkamataje? Akasimame ngazini ahesabu mabegi ya magurudumu? Nimeona watu makini wakipoteza miezi wakibishana kama kikomo kiwe 60 au 90, ilhali hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atahesabu.

Sasa pango. Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Barron, Kung na Proserpio kuhusu Marekani, uliochapishwa 2021: matangazo yakiongezeka kwa asilimia 1, pango linapanda kwa asilimia 0.018 na bei ya nyumba kwa asilimia 0.026. Wanaoyatetea majukwaa husoma tarakimu hizo kwa tabasamu. Haba na haba hujaza kibaba: katika miaka ya kupanuka kwa biashara hii matangazo hayakuwa yakikua kwa asilimia 1, yalikuwa yakikua kwa makumi. Tena wastani wa nchi nzima unaficha mitaa. Barcelona, utafiti wa Garcia-López na wenzake, wa 2020, ulikuta pango limepanda kwa asilimia 1.9 kwa wastani wa jiji, lakini katika mitaa yenye shughuli nyingi zaidi za Airbnb lilipanda kwa asilimia 7. Mpangaji hakai kwenye wastani, anakaa kwenye mtaa.

New York ndiyo inayonipa kazi kubwa zaidi ya kueleza. Sheria ya jiji namba 18 ilianza kusimamiwa Septemba 2023: mwenyeji ajisajili, awepo nyumbani wageni wanapolala, na wageni wasizidi wawili. Matangazo ya muda mfupi yakaporomoka kutoka maelfu mengi hadi machache. Pango halikushuka kwa namna ambayo mpangaji angeihisi mfukoni, na bei za hoteli zikapanda. Basi wakosoaji wakasema: mmeona?

Nimeona, lakini sioni wanachokiona wao. Jiji lenye nyumba zaidi ya milioni 3.7 halibadiliki kwa kurudishiwa nyumba elfu kadhaa, hasa kama halijengi za kutosha. Upande mwingine, kuishia hapo, kwa kulinganisha matangazo na nyumba zote za jiji, ni kosa, kwa sababu nyumba nyingi zina watu wake na hazimo sokoni. Mtu anayetafuta nyumba leo anashindania zile zilizo wazi tu. Mwaka 2023 nyumba za kupanga zilizokuwa wazi New York zilikuwa asilimia 1.4, takriban 33,000. Kwenye dimbwi dogo hivyo, nyumba elfu chache ni maji mengi. Pia kulikuwa na mlango wa nyuma: sheria inahusu ukaaji wa chini ya siku 30, kwa hiyo wenye nyumba wengi waliongeza muda wa chini wa kukaa hadi siku 30 na kuendelea.

Mlango huo huo ndio unaonitia shaka kuhusu Barcelona. Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa, na ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha. Siwaonei huruma wenye leseni. Fleti hizo zilishavuka mpaka zamani, ni biashara ya malazi kwa jina na kwa vitendo. Shaka yangu ni kwamba fleti ikiacha kupokea watalii wa siku tatu, si lazima irudi kwa familia ya mtaa. Inaweza kupangishwa kwa msimu, miezi michache michache, kwa wafanyakazi wa kigeni wanaolipa vizuri. Mwanya huo usipozibwa, mwaka 2029 tutahesabu leseni sifuri na wapangaji wale wale wasio na nyumba.

Na utalii wenyewe? Tusiwe wanafiki, nyumba hizi zimewafaa wasafiri. Familia ya watu sita haitoshi kwenye chumba cha hoteli, na wakati wa tamasha kubwa mji hauwezi kujenga hoteli kwa wiki moja. Utafiti wa Zervas, Proserpio na Byers huko Texas ulionyesha kwamba walioumia zaidi ni hoteli za bei ya chini, na kwamba hoteli zilipoteza ule uwezo wa kupandisha bei siku za msongamano. Kwa msafiri hiyo ni nafuu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugumu ni kumtambua mwenyeji. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, wakazi wa eneo la kihistoria walishuka chini ya 50,000 mwaka 2022, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya 170,000. Majukwaa hayakuanzisha anguko hilo. Mafuriko ya 1966, uchakavu wa nyumba na kazi za bara yalikwishawahamisha wengi kabla intaneti haijazaliwa. Ila fleti iliyoachwa zamani ilingoja mpangaji mwingine, na siku hizi inapata mtalii kabla rangi haijakauka. Duka la mkate linakosa wateja wa Jumatatu, shule inakosa watoto, halafu anayefagia vyumba hivyo anapanda basi alfajiri kutoka mbali kwa kuwa hawezi kumudu kuishi karibu na kazi yake.

Kuanzia 20 Mei 2026, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2024/1028 inayataka majukwaa makubwa yapeleke kwa mamlaka, kila mwezi, idadi ya usiku uliopangishwa kwa kila namba ya usajili katika miji inayotumia usajili. Safu ya kwanza nitakayoifungua kwenye jedwali hilo ni ya usiku. Nitaanza na nyumba zilizovuka 155, halafu nitazitafuta kwenye ramani nione zimerundikana mtaa gani.