Magoti ya Kushukia: Mazoezi ya Mbio za Kutembea na Kuruka Milimani

Karibu kila rubani wa paraglaidi, yaani bawa la kitambaa linalokunjwa na kubebwa begini, anayekuja kliniki yangu akiwa amejiandikisha kwa mbio za kutembea na kuruka huja na swali lilelile: nipande mita ngapi kwa wiki? Nami huwa namuuliza, je, unashuka ngapi? Wengi hucheka. Washuke kwa miguu ya nini, na bawa liko mgongoni?

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nimekulia Elgeyo, Kenya, sasa nafanya kazi Innsbruck, Austria, na mwenyewe huruka. Nikiwa na mpandaji wa kawaida namtazama mgongo, nyonga, kifundo. Nikiwa na huyu wa mbio, natazama kwanza mapaja yake yanavyofanya kazi anaposhuka ngazi.

Kwa msomaji ambaye hajaziona, mbio zenyewe ziko hivi. Mshindani anabeba bawa lake la kitambaa, hanesi (kiti cha mikanda anachokalia hewani), parachuti ya akiba na helmeti. Anapanda mlima kwa miguu, anaruka hewa ikiruhusu, anatua, anakunja, anatembea tena. Gari marufuku, baiskeli marufuku, na mzigo haumtoki mgongoni. Pale kwetu Iten marubani wa Ulaya hufurika Januari na Februari, wanaruka kutoka ukingo wa Bonde la Kerio, wanatua zaidi ya mita 1,000 chini, kisha bodaboda inawarudisha juu wakale chakula cha mchana. Kwenye mbio hakuna bodaboda.

Iliyo mashuhuri zaidi ni Red Bull X-Alps, iliyoanza 2003 na ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili katika milima ya Alpi. Njia ya 2023 ilitoka Kitzbühel, Austria, ikaenda magharibi hadi Mont Blanc na kurudi Zell am See: kilomita 1,223 zikipimwa kwa mstari ulionyooka toka kituo hadi kituo, maana yake miguu inakwenda zaidi ya hapo. Christian Maurer wa Uswisi aliishinda mara nane mfululizo, 2009 hadi 2023, ndipo 2025 Aaron Durogati wa Italia akaichukua. Kuna pia X-Pyr, inayofuata milima ya Pirenei kutoka Atlantiki hadi Mediterania, na mbio nyingi ndogo za siku moja au mbili. Wateja wangu wengi huanzia huko kwenye ndogo, na huko ndiko naogopa zaidi, kwa sababu ndiko waliko watu wenye mioyo mikubwa na miguu ambayo haijazoea.

Sasa tazama mahali hatari inapozaliwa. Chukua saa kumi alasiri, mwezi wa Julai, juu ya bonde kubwa kama la mto Rhône kule Valais, Uswisi. Tangu asubuhi jua limepasha miteremko joto, hewa inapanda, na nafasi yake inajazwa na hewa inayovutwa kutoka nyanda za chini na kusafiri bonde zima kwenda juu. Kufika alasiri upepo huo wa bondeni unaweza kuwa kilomita 30 au 40 kwa saa, na pale bonde linapobanwa na milima miwili unazidi. Bawa, bila kukanyaga kiongeza kasi, linakwenda kilomita 38 hivi kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Ukiukabili upepo huo utasimama hewani kama umetundikwa, au utarudi kinyumenyume, na nyuma yako kuna nyaya za umeme.

Mshindani wetu amesimama kwenye nyasi, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ametembea tangu alfajiri. Mbele yake nyasi zinalala, zinasimama, zinalala tena. Kati ya msukumo mmoja wa upepo na mwingine kuna utulivu wa sekunde chache tu. Anausikia upepo usoni, na uso wake unamwambia sawa, ruka. Lakini huenda upepo mkuu unatoka nyuma ya kilele, yeye yuko upande wa demani, ule uliokingwa, na hiyo pumzi tamu ya mbele ni hewa inayojiviringisha baada ya kuvuka mlima. Ukiruka humo, bawa linaweza kukunjika nusu nzima ukiwa mita 50 tu juu ya miamba, na parachuti ya akiba inahitaji kimo ili ifunguke.

Hatari nyingine za Alpi zinajulikana sana, sitazikalia. Upepo wa Föhn unavuka milima ukashuka upande wa pili ukiwa mkavu, wa joto na wenye vishindo. Marubani hulinganisha shinikizo la hewa la kusini na kaskazini mwa Alpi, na tofauti ikifika hektopaskali (hPa) 4, kipimo cha shinikizo hilo, wengi hawatoki nyumbani. Mawingu ya dhoruba nayo hupuliza upepo mbali na yalipo, na ukiwa chini yake hukuvuta. Mwaka 2007, karibu na Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska wa Ujerumani alivutwa na wingu hadi mita 9,900 na ushei, akazirai, akagandiwa na barafu, na bado akatua hai. Rubani mwingine aliyenaswa na dhoruba hiyohiyo hakupona.

Dawa ya haya yote tunafundishwa wiki ya kwanza ya shule ya urubani: usiruke. Kukunja bawa ni rahisi kusema. Tatizo ni kwamba ukikataa kuruka lazima kuwe na njia nyingine, na njia nyingine kwenye mbio ni kushuka mita 1,400 kwa miguu, kisha labda kupanda mlima wa pili kabla giza halijaingia. Mtu ambaye mapaja yake yamekwisha haioni hiyo njia. Anatazama kijia kinavyopotelea msituni, anatazama nyasi zikilala, na hapo anaanza kujiambia kwamba upepo umepungua. Nimewasikia wengi wakinisimulia dakika hizo baada ya ajali ndogo, na karibu wote hufika mahali wakasema, "magoti yalikuwa yanauma."

Ndiyo maana nasema kushuka ni zoezi la usalama kabla ya kuwa zoezi la kasi.

Fiziolojia yake si ngumu. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza ikifupika. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hukaza huku ikivutwa na kurefuka, kwa sababu kazi yake ni kufunga breki kila hatua. Kazi ya namna hii hailemei sana moyo wala mapafu, ndiyo maana mtu hudhani anapumzika, lakini inachanachana nyuzi za misuli kuliko kupanda. Maumivu hayaji papo hapo. Huanza kesho yake na kufika kilele kati ya saa 24 na 72. Kwa mbio za siku nne, maana yake ni kwamba kosa la siku ya kwanza linalipwa siku ya pili na ya tatu. Mteremko wa mita 1,500 ni hatua 6,000 hivi kwa kijia cha kawaida, na kila hatua goti linapokea mara kadhaa ya uzito wa mwili, ongeza na begi.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Ukishuka mara moja hadi mapaja yaume, ukayaacha yapone, mteremko uleule ukirudiwa baada ya wiki moja au mbili utakuumiza kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Mapafu hayajengwi kwa bei nafuu namna hiyo.

Kwa hiyo naanza na kidogo. Wiki za mwanzo: mteremko mmoja wa mita 300 au 400, begi likiwa jepesi. Hapa Tirol, jimbo la Innsbruck, watu hubeba madumu ya maji wakipanda na kuyamwaga kileleni ili washuke bila mzigo, kuhurumia magoti. Kwa mwanzo ni sawa kabisa. Lakini kufika mwezi wa pili nawaambia washuke na madumu yakiwa yamejaa, kwa sababu siku ya mbio bawa halimwagiki. Vifaa vya mbio huwa chini ya kilo 10, begi zima pamoja na maji na chakula likapita hapo kidogo. Mazoezi yafike uzito huo, yasiuzidi. Anayebeba kilo 20 ili "kujikomaza" ananiletea tu goti la kutibu. Kati ya mteremko mzito na mwingine acha siku mbili tatu. Mwishoni kabisa, wiki chache kabla ya mbio, fanya Jumamosi na Jumapili mfululizo, ili ujue kushuka kwa miguu ambayo tayari imechoka kunafananaje.

Kliniki nina ubao wa kimo cha sentimita 20. Mtu anasimama juu yake kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, anashusha kisigino cha mguu wa pili hadi kiguse sakafu, polepole, kwa hesabu ya tano. Mimi napiga magoti mbele yake na kutazama kifuniko cha goti. Mara ya tatu au ya nne goti huanza kuingia ndani kuelekea kidole gumba, na nyonga ya upande wa pili inaporomoka. Mtu mwenyewe haoni kitu. Anadhani anafanya vizuri. Hapo ndipo pa kuanzia, na ubao huo huo ndio dawa: seti tatu, mara tatu kwa wiki, na usiongeze kimo mpaka goti litulie juu ya kidole cha pili cha mguu. Fimbo za kutembelea zisiachwe nyumbani. Zinapunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka, na anayeziona za wazee atazikumbuka siku ya pili.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nishikilie mapaja. Rubani hutua kwa miguu. Misuli iliyochanika hupoteza kipimo cha kujua kiungo kiko wapi, kwa hiyo mtu anayetua na mapaja yaliyokwisha hukanyaga sekunde moja mapema au anachelewa, na kifundo ndicho kinachovunjika. Vifundo na uti wa mgongo, hasa pingili zilizo pale kiuno kinapokutana na mbavu za mwisho, ndivyo viungo tunavyovijua zaidi sisi tunaotibu marubani. Hanesi nyingi nyepesi za mbio zina kinga nyembamba ya mgongo. Miguu inafanya kazi ambayo sponji ingefanya.

Mazoezi ya kuruka yenyewe siyaingilii, yana walimu wake. Kozi ya dharura juu ya ziwa, ambako bawa hukunjwa makusudi ukiwa na boti ya uokoaji chini, nadhani ni ya lazima. Anayejiandikisha bila kuifanya ana haraka ya nini? Lazima pia ni saa nyingi za kucheza na bawa ardhini kwenye upepo.

Zoezi ambalo wateja wangu hulichukia kuliko yote ni la kukunja. Mara moja kwa mwezi nawapeleka hadi mahali pa kurukia siku ambayo hewa ni nzuri, marubani wengine wanaruka mbele ya macho yao, nao wanafungua bawa, wanalitandaza, wanakagua kamba, kisha wanalikunja na kushuka kwa miguu. Wanalalamika njia nzima. Lakini mtu aliyezoea kushuka siku nzuri haoni aibu kushuka siku mbaya, na aibu ina nguvu sana pale juu, hasa mpinzani anaporuka na kutoweka nyuma ya kilima.

Baadhi ya makocha hawakubaliani nami. Wanasema ushindi wa mbio hizi hupatikana hewani, na Maurer hakupata ushindi mara nane kwa kutembea. Kweli. Yeye husoma anga kiasi kwamba mara nyingi hujikuta mahali ambapo kuruka kunawezekana, na anatua mahali anapotaka. Ushauri wangu haumhusu. Unamhusu mwalimu wa shule, fundi, muuguzi anayefanya mazoezi baada ya kazi na kwenda kwenye mbio yake ya kwanza, ambaye atatua pasipofaa na kukwama juu ya mlima saa kumi alasiri.

Kwa huyo kuna jambo moja la nje ya misuli: asubuhi, kabla ya kutoka, mipaka iandikwe pamoja na msaidizi wake. Upepo wa kilomita ngapi tunakunja? Baada ya saa ngapi haturuki kwenye bonde hili? Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na aliyekunywa pombe hadi ikafika asilimia 0.05 kwenye damu, na kwenye mbio saa 17 ni siku ya kawaida. X-Alps ina saa za mapumziko ya lazima usiku kwa sababu hiyo. Namba iliyoandikwa na mtu aliyelala isibadilishwe na mtu aliyechoka. Msaidizi akipiga simu kuuliza, asiulize "unajisikiaje?" Aulize upepo ni ngapi, utulivu unadumu sekunde ngapi, umekula lini. Gramu 60 za wanga kwa saa ni kiwango cha kuanzia, na wengi wanaoniambia walikula "vizuri" ukihesabu unakuta nusu.

Mteremko mzito wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Kinga haitapotea kwa muda huo, na mapaja yatakuwa yamepona. Viatu viwe vikubwa nusu namba kuliko vya mjini, kamba zikazwe kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele wakati wa kushuka. Kucha zikatwe siku nne au tano kabla, zisikatwe usiku wa kuamkia.