Kisiwani Hapahitaji Jambazi

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia za watoto. Waandishi wachanga wakiniletea hadithi ya watoto waliokwama kisiwani, mara nyingi jambazi huwa ameshajitokeza kufikia kipindi cha pili. Huwaomba wamwondoe, kisha tunakaa pamoja kutazama Flight 29 Down.

Tamthilia hiyo ya Marekani, iliyobuniwa na Stan Rogow na D.J. MacHale, ilianza kurushwa mwaka 2005 na kuisha 2007. Ndege ndogo inayowapeleka wanafunzi Palau inaangukia kisiwa cha Pasifiki. Rubani anaondoka na baadhi yao kutafuta msaada, na ufukweni wanabaki saba. Ugomvi wao unahusu nani akachote maji, nani alinde moto, nani awe kiongozi.

Maji peke yake yanatosha kuendesha kisa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, kiasi ambacho figo haziwezi kukitoa bila kutumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Kwa hiyo anayetegea zamu ya kuchota anawahatarisha wenzake wote, na mtazamaji wa miaka tisa analielewa hilo bila kuhubiriwa.

Mbinu ninayoipenda zaidi katika tamthilia hiyo ni kamera ya video waliyo nayo ufukweni. Kila mmoja hupata nafasi ya kujirekodi akiwa peke yake. Aliyejitia ujasiri mbele ya wenzake sasa anasema anaogopa, na mtoto aliyeko nyumbani anauona ugomvi uleule kwa macho ya pande mbili. Sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto huruma.

Anayedhani watoto halisi wangeraruana nampa kisa cha Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki. Mwaka 1965 wavulana sita walitoroka shule kwa mashua, dhoruba ikawaharibia tanga, wakaishia kisiwa cha 'Ata kisicho na watu. Walifanya kazi wawiliwawili kwa zamu: bustani, jiko, ulinzi. Waliogombana walitengwa kwa muda hadi hasira zipoe. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti na majani, na kazi zake wakagawana. Nahodha Peter Warner kutoka Australia aliwakuta Septemba 1966, baada ya miezi 15, wakiwa na afya njema.

Basi ukiniletea mswada, niwekee kwanza jedwali la zamu la siku kumi za mwanzo, na uonyeshe ni nani atakayeikosa ya kwanza na kwa sababu gani. Mazungumzo tutayaandika baadaye.