Ukigusa kiota mama harudi? Hapana bwana

Huku Marekani watu wanatundika viboksi vya mbao uani ili wale ndege wadogo wa buluu wenye kifua cha rangi ya machungwa waje kutaga, halafu wanaogopa hata kuchungulia, eti mama akinusa harufu ya binadamu atakimbia aache makinda wafe. Tuliambiwa wote utotoni, hata kule nyumbani. Sivyo. Ndege aliyeshahangaika kujenga, kutaga na kuatamia wiki mbili hivi haachi watoto kisa harufu ya kidole chako.

Wanaovijua hivi viboksi wanachungulia kila wiki, unagonga kidogo mama atoke, unafungua kilango, unahesabu mayai, mara nyingi manne au matano ya buluu iliyopauka, unafunga unaondoka, dakika moja tu. Tena bora uchungulie maana shomoro waliotoka Ulaya wanapita kwenye tundu hilohilo la milimita 38 na wanaua makinda humo ndani (wakorofi hasa!). Ila makinda wakifika siku kama 13 usifungue tena, wakishtuka wanaweza kuruka nje kabla hawajaweza kupaa vizuri.