Eri Yoshida na mpira usiozunguka

Kutoka kwa mrushaji hadi kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Katika besiboli ya kulipwa ya wanaume, mpira wa kasi huzidi kilomita 140 kwa saa. Eri Yoshida wa Yokohama, Japani, binti wa sentimita 155 hivi, hakuwa na mkono wa kutoa kasi hiyo. Silaha yake ilikuwa nakoboli, mpira unaorushwa pasipo kuzunguka.

Novemba 2008, akiwa na miaka 16, alichaguliwa na Kobe 9 Cruise, timu ya wanaume katika ligi huru ya Kansai. Machi 27, 2009, mjini Osaka, alikabili wapigaji wawili tu: mmoja alipata beisi ya kwanza bure baada ya mipira minne kupita nje, mwingine akatolewa kwa straiki tatu, yaani mipira halali aliyoshindwa kuipiga. Mrushaji wa nakoboli huishi kati ya matokeo hayo mawili.

Ushikaji ndio kila kitu. Kucha za kidole cha shahada na cha kati hukita kwenye ngozi ya mpira, karibu na mshono. Gumba na vidole vingine hushikilia pembeni. Kifundo cha mkono hukazwa hadi mpira uachiwe, nao husukumwa mbele. Ukikunja kifundo hata kidogo, umeuzungusha. Lengo ni mpira ugeuke mara moja hivi, au pungufu, hadi umfikie mpigaji. Hapo mishono huvuruga hewa upande mmoja kuliko mwingine, na kadiri mpira unavyogeuka polepole, msukumo wa hewa hubadili upande. Ukizunguka zaidi ya hapo, unanyooka, na mpira wa taratibu ulionyooka ni zawadi kwa mpigaji. Kucha ikivunjika, kazi imeharibika.

Yoshida alijiongezea ugumu kwa kurusha mkono ukipita ubavuni, mtindo unaouvuta mpira uzunguke kwa pembeni. Kwangu mimi, hilo ndilo la kustaajabisha zaidi katika ufundi wake. Machi 2010 alifanya mazoezi Florida na Tim Wakefield wa Boston Red Sox, timu ya ligi kuu ya Marekani, mrushaji aliyemfanya aipende nakoboli. Mei 29 mwaka huo aliichezea Chico Outlaws ya California, mwanamke wa kwanza kurusha katika timu ya kulipwa ya wanaume Marekani tangu Ila Borders mwaka 2000. Katika duru tatu aliruhusu mikimbio (pointi) minne, na gongo lake mwenyewe likaleta mmoja.

Mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, naye hutaabika. Huhitaji glovu kubwa kuliko ya kawaida, na asiufuate mpira mapema. Ausubiri hadi mwisho. Halafu kuna wakimbiaji: kwa kilomita 80 kwa saa mpira hukaa hewani takriban sekunde 0.8, karibu mara mbili ya mpira wa kasi, kwa hiyo beisi huibwa kirahisi: mkimbiaji hukimbilia beisi inayofuata mpira ukiwa bado njiani. Mrushaji hana budi kufupisha hatua yake na kurusha mara kwa mara kwenye beisi ya kwanza ili mkimbiaji asisogee mbali na beisi.