"Ameacha nepi", "anajinyea", "kikojozi": maneno ya mafunzo ya poti na maana zake

Mzazi anapofika kliniki na kusema "mwanangu anajinyea", anaweza kuwa anazungumzia hali tatu zisizofanana kabisa. Mtoto wa miaka 2 aliyechelewa kufika kwenye poti, mtoto wa miaka 3 aliyekuwa ameshazoea kisha akaacha alipozaliwa mdogo wake, na mtoto wa miaka 5 ambaye choo kimejaa tumboni hadi kinavuja chenyewe, wote husemwa hivyo hivyo. Wawili wa kwanza wanahitaji subira. Wa tatu anahitaji dawa ya kulainisha choo, na akichapwa, au akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, tatizo linakua. Ndiyo maana maneno haya yanastahili kufafanuliwa moja moja.

Tuanze na "ameacha nepi". Mwalimu wa chekechea akiuliza swali hilo, anachotaka kujua ni kama mtoto anajitegemea: anahisi haja, anaibana kidogo, anasema, anashusha chupi mwenyewe na kumaliza. Bibi aliyelea wajukuu kijijini anaweza kujibu kwamba mtoto aliacha winda kabla ya kutembea, naye akawa anasema kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 katika jarida la kitabibu la Pediatrics ulieleza jinsi akina mama wa Kidigo, pwani ya Kenya, walivyoanza kumshikilia mtoto akojoe akiwa na wiki 2 au 3 tu. Mama aliketi chini, akanyoosha miguu, akampakata mtoto katikati na kumtolea sauti ya "shuu". Kufikia miezi 5 au 6, mtoto alitarajiwa kukaa mkavu mchana na usiku. Hapo mama ndiye anayesoma dalili, na mtoto amezoea sauti na mkao. Kazi hiyo ina thamani yake, hasa mtoto anapokuwa mgongoni au mikononi mwa mlezi mmoja siku nzima. Lakini ukimpeleka mtoto huyo huyo shuleni kwa mlezi asiyezijua dalili zake, ataloa, na si kwamba amesahau.

"Utayari" ni neno la kliniki. Nchini Marekani lilienea baada ya daktari wa watoto T. Berry Brazelton kuchapisha, mwaka 1962, njia ya kumfuata mtoto mwenyewe badala ya kumlazimisha. Dalili zake zinaonekana kwa macho: nepi inabaki kavu kwa saa 2 hivi au baada ya usingizi wa mchana, mtoto anajificha nyuma ya mlango anapotaka kwenda haja kubwa, anakuja kukuonyesha kwamba amelowa, anaelewa maagizo mawili yaliyofuatana ("vua suruali, kaa kwenye poti"), na anaweza kuchuchumaa na kusimama bila kushikwa. Kwa wengi dalili hizi huonekana kati ya miezi 18 na 30. Zisipokuwepo, kuanza mapema hurefusha mafunzo tu. Wala umri peke yake si utayari. Mtoto wa miaka 2 na nusu anayeumwa, au aliyehamishiwa kwa dada mpya wa kazi wiki hii, asubiri kidogo.

Poti nzuri ni ile inayomwezesha mtoto kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Mkao huo, ambao ni wa kuchuchumaa hasa, hunyoosha njia ya choo na kumsaidia kusukuma. Mtoto anayekalishwa kwenye choo cha kukaa huku miguu inaning'inia hana pa kujikazia. Mwekee kigoda chini ya miguu, na kiti kidogo juu ya kile kikubwa ili asiogope kutumbukia. Kwenye choo cha shimo hofu hiyo ni ya haki kabisa, kwa sababu tundu la watu wazima linaweza kupitisha mguu wa mtoto. Aanze na poti nje, mkaimwage chooni pamoja, kisha baadaye achuchumae huku umemshika mikono.

Mkalishe dakika 3 hadi 5, si zaidi, anapoamka, baada ya kula na kabla ya kulala. Baada ya kula ndiyo nafasi bora ya haja kubwa, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo mpana huanza kusukuma, mara nyingi ndani ya nusu saa. Usiulize "unataka kukojoa?" kwa maana jibu la mtoto wa umri huo ni "hapana". Sema "sasa twende poti". Msichana atawazwe kutoka mbele kwenda nyuma ili vijidudu vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo. Kinyesi kimwagwe chooni, kisitupwe uani wala kwenye mtaro, na mtoto na mlezi wote wanawe kwa sabuni. Wapo wanaoamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kinabeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima.

"Ajali" ni mtoto kulowa au kuchafuka wakati bado anajifunza. Haina dawa wala adhabu: mbadilishe nguo, mwambie mkojo unawekwa kwenye poti, basi. "Kurudi nyuma" ni pale aliyekuwa ameshazoea anapoanza tena kulowa mchana. Mara nyingi kuna jambo limetokea: mtoto mwingine amezaliwa, nyumba imehamwa, shule imeanza, mzazi amesafiri. Rudisha ratiba ileile ya mwanzo kwa utulivu. Lakini kwanza hakikisha hana maumivu akikojoa wala homa, kwa kuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huanza hivyo hivyo.

Neno linaloeleweka vibaya kuliko yote ni "kubana". Mtoto aliyewahi kupata choo kigumu kikamuuma huamua kisitoke tena. Anakaza matako, anasimama kwa ncha za vidole, anakunja miguu kama mkasi, anajikunyata kwenye kona uso ukiiva. Mlezi akiona hivyo hudhani mtoto anajikamua ili kitoke, kumbe anakizuia. Choo kinachokaa tumboni hunyonywa maji, kinazidi kuwa kigumu na kikubwa, na siku kinapotoka kinauma zaidi. Kwa hiyo mara inayofuata anabana zaidi. Huko ndiko kufunga choo: kupata choo mara 2 au chini yake kwa wiki, au choo kigumu chenye maumivu, hata kama anakwenda kila siku.

Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na kupoteza hisia. Choo chepesi kutoka juu hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila mtoto kujua. Hapa mzazi ataapa kwamba mtoto anaharisha, au ni mvivu. Hadanganyi mtoto anaposema hakuhisi. Tiba ni kuondoa choo kilichojaa kwa dawa atakayoandika mhudumu wa afya, kisha kuendelea na ya kulainisha kwa miezi kadhaa hadi utumbo urudi ukubwa wake. Wengi hurudia tatizo kwa sababu dawa iliachwa wiki ya pili, choo kilipoanza kutoka vizuri. Pamoja na dawa, apate maji ya kutosha, papai, machungwa, mboga za majani, maharage, ugali na uji wa dona. Maziwa ya ng'ombe yanayozidi nusu lita kwa siku humshibisha akakosa vyakula hivyo, na kwa baadhi ya watoto huchangia kufunga choo. Mafunzo ya poti yasimame kwanza. Kama anataka nepi ili apate choo, mpe nepi.

"Kikojozi" tungependa neno hili liachwe. Ukavu wa usiku haufundishwi kwa poti, kwani hutegemea homoni inayopunguza mkojo usiku, ukubwa wa kibofu na uwezo wa kuamka kinapojaa, na vyote hukomaa kwa wakati wake. Katika umri wa miaka 5, takriban mtoto 1 kati ya 7 bado hukojoa kitandani, na kabla ya umri huo hatuiiti tatizo. Hali hii hufuata familia: wazazi wote wawili wakiwa walikojoa kitandani utotoni, karibu robo tatu ya watoto wao hufanya hivyo. Kumwamsha usiku huokoa godoro lakini hakuharakishi kukomaa. Kumnyima maji mchana kutwa humfungia choo, na utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Anywe vizuri mchana, apunguze saa 1 au 2 kabla ya kulala, na godoro lifunikwe kwa mpira au nailoni chini ya shuka. Kumwanikia godoro mbele ya wenzake ni kumuumiza tu.

Mpeleke kituo cha afya mapema akiwa na damu kwenye mkojo au choo, anatiririka mkojo muda wote, tumbo limejaa na anatapika, au miguu imelegea. Aliyekaa mkavu usiku kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza kukojoa naye achunguzwe. Akiwa pia anakunywa maji mengi ghafla, anakojoa kila mara na anakonda, aende siku hiyo hiyo apimwe sukari. Kwa matatizo yasiyo ya haraka, andika kwa siku 7 saa anazokojoa, siku anazopata choo na kilivyo (vigololo, kigumu, laini, maji), kisha nenda na karatasi hiyo.