Mzigo wa kazi si kosa la mama mjamzito

Katika maduka ya dawa na ofisi nyingi za Lubumbashi, mwenzetu akianza likizo ya uzazi, maneno hayakawii: "Anaenda kupumzika, sisi tunabebeshwa kazi yake, na mshahara wote anapokea." Maneno haya yanaumiza, tena si ya kweli.

Sheria ya kazi ya Kongo (DRC) ya 2002 inampa mama majuma 14 mfululizo: yasiyozidi 8 baada ya kujifungua na 6 kabla. Muda huo anastahili theluthi mbili za mshahara, si wote. Na kukesha na mtoto mchanga, pengine kidonda cha upasuaji bado kibichi, nani ataita hayo mapumziko?

Sheria hiyohiyo inatambua mkataba wa muda wa kumshikia nafasi mfanyakazi asiyekuwepo kwa muda. Patroni, yaani mwajiri, anajua miezi kadhaa mapema, tumbo halijifichi. Asipotafuta mtu, uamuzi ni wake, na lawama ni zake. Kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa juma. Zinazozidi zina malipo yake.

Kinachosaidia zaidi ni makabidhiano ya mapema. Kabla mama hajaondoka, kaeni naye mfungue daftari la madeni: nani hulipa mwisho wa mwezi, dawa gani huagizwa Jumatatu, ufunguo wa kabati uko kwa nani. Kisha mwendeeni patroni pamoja, orodha ya kazi mkononi, mumuulize ipi isimame hadi mwenzenu arudi.